Sampuli Imefeli, Kosa Liko Wapi? Maji Taka ya Kiwanda na Bomba la Jiji

Barua ya kampuni ya maji ikishafika, kwamba sampuli ya maji taka yao imefeli, wenye viwanda wengi humpigia simu muuza mitambo. Miezi mitatu baadaye kuna tangi jipya linang'aa nyuma ya boila, kuna deni benki, na sampuli inafeli vile vile. Nimeyaona haya mara nyingi, ndiyo maana siku hizi nikiitwa sitaki kuonyeshwa mtambo kwanza. Naomba barua yenyewe na daftari la zamu.

Maji ya kiwanda ni nadra kuwa mabaya kutwa. Huwa mabaya kwa dakika ishirini, mara mbili tatu kwa siku, pale mtu fulani anapofungua valvu fulani. Ukiijua saa umeijua valvu, na ukiijua valvu mara nyingi dawa yake ni ndoo, ratiba, au tangi la kawaida la plastiki. Mifano yangu ni ya Nairobi kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Aliyeko Mwanza au Kampala atakuta namba tofauti kwenye kibali chake, ila kemia ni ile ile.

Isome barua kabla ya kugusa chochote

Kwa Kenya, msingi uko kwenye kifungu cha 74 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999: kiwanda humwaga kwenye mtandao wa maji taka uliopo kwa leseni ya anayeuendesha, na kabla ya kupewa leseni hiyo kinaweza kutakiwa kijenge mtambo wake wa kuyasafisha maji kwanza. Viwango ninavyovitaja hapa ni vya Jedwali la Tano la Kanuni za Ubora wa Maji za 2006. Vinavyowaangusha watu kila siku ni hivi: pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni alkali kama magadi) kati ya 6 na 9, joto kati ya nyuzi 20 na 35, chembe zinazoelea 250, BOD 500, COD 1,000 (vipimo viwili vya uchafu, nitavieleza mbele), na mafuta na grisi 10, au 5 pale ambapo maji husafishwa mwisho kwa mabwawa. Ukiacha pH na joto, zote ni miligramu kwa lita. Leseni yako ikiwa na namba kali kuliko hizo, fuata leseni.

Hiyo 5 ya mabwawa watu huiruka. Maji taka mengi ya Nairobi huishia Ruai, kwenye mabwawa ya mtambo wa Dandora, na bwawa la aina hiyo linategemea jua: mwani hutoa oksijeni, bakteria wanaitumia kula uchafu. Utando wa mafuta juu yake ni sawa na kulifunika turubai. Rangi ya nguo nayo huzuia mwanga vile vile. Ukishaelewa hilo hutabishana tena na mkaguzi kwamba ni "mafuta kidogo tu".

Sasa tazama barua imesema nini hasa. Chemba ipi? Saa ngapi? Sampuli ya kuchotwa mara moja, au mseto uliokusanywa saa 24? Matokeo ya kuchota mara moja yanakupa saa ya kosa, na hiyo ni zawadi hata kama imekuja na faini. Mseto unakuambia tu kwamba wastani ni mbaya.

Kisha jiulize kama sampuli yenyewe ilikuwa halali, hasa kama ni ile mliyochukua wenyewe ili kujitetea. pH hupimwa pale pale. Ikisubiri hadi kesho maabara, si pH yako tena. Mafuta huchukuliwa kwa chupa ya kioo, kwa sababu plastiki huyang'ang'ania ukutani na jibu hushuka. Ya BOD hukaa kwenye barafu na kuanza kupimwa ndani ya siku mbili kwa kuchelewa sana. Kama dereva wenu aliibeba kwenye chupa ya maji ya kunywa, juu ya dashibodi ya pikapu, kutoka Athi River hadi mjini saa saba mchana, tupeni hilo jibu hata kama linawapendeza.

Dalili: pH 12 asubuhi, 4 mchana

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na huwakumba viwanda vya maziwa, soda, bia na juisi. Chanzo ni kuosha mabomba na matangi bila kuyafungua: kostiki (magadi makali ya kusafishia) ya moto ya asilimia 1 hadi 2 inazungushwa, halafu maji, halafu tindikali, halafu maji tena. Kila mzunguko ukiisha, kuna mtu anafungua valvu.

Kiwanda kimoja cha maziwa nilikoitwa kilikuwa na barua tatu, zote za sampuli zilizochukuliwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Meneja aliamini kuna mtu ana chuki naye. Daftari la zamu lilionyesha kwamba watu wa usiku humaliza kuosha saa mbili kasorobo na kumwaga kostiki yote kabla ya kukabidhi zamu. Mkaguzi alikuwa anaanza siku yake kwao tu, basi, kwa sababu wako karibu na barabara kuu.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kufungua maji mengi yaisindikize. Fanya hesabu kwanza. Kostiki ya asilimia 1, ukitaka kuishusha hadi pH 9 kwa maji safi kabisa, kila lita moja inahitaji takriban lita 25,000. Maji ya bomba yana baikaboneti yake, kwa hiyo kwa vitendo ni pungufu ya hapo, lakini bado hiyo ni bili ya maji ya kumliza mtu. Tena ni kuficha uchafu kwa maji, jambo ambalo mkaguzi mzoefu hulinusa akiangalia tu mita yako.

Dawa ni kuzikutanisha kostiki na tindikali. Lita moja ya kostiki ya asilimia 1 humalizwa nguvu na lita moja na nusu hivi, na zaidi kidogo, ya tindikali ya nitriki ya asilimia 1, ambayo tayari unayo na tayari unaimwaga. Zielekeze zote kwenye tangi moja, zichanganywe, zipimwe, ndipo zitoke polepole. Kile kiwanda kilinunua tangi la plastiki la lita 5,000 na pampu ndogo. Tahadhari moja: tindikali ya nitriki huacha nitrati, na ya fosforiki huacha fosfati, na zote mbili zina kikomo kwenye jedwali lile lile. Usizidishe tindikali mpya wakati ya zamani inatosha.

Kama pH inapanda na kushuka kama bembea kila baada ya dakika chache, usitafute kosa kwenye uzalishaji. Hiyo ni pampu ya dozi kwenye tangi dogo mno au lisilo na kikorogeo: inamwaga tindikali, inachelewa kuona matokeo, inazidisha, inageuka. Na kama namba haisogei kabisa siku nzima, usifurahi. Futa mafuta kwenye kichwa cha mita na ukitumbukize kwenye bufa (maji ya kupimia mita, yenye pH inayojulikana) ya 7 kisha ya 4. Nimewahi kukuta mita iliyokuwa inasoma 7.2 wiki mbili mfululizo, hata ikiwa nje ya maji.

Dalili: mafuta yanapita mtego, au bomba linaziba mtaa wa pili

Chota maji ya baada ya mtego wa mafuta (kile kisanduku ambamo maji hutulia ili mafuta yaelee na kuondolewa) kwenye chupa angavu, iache juu ya meza nusu saa. Hakuna kipimo cha bei nafuu kama hiki.

Utando ukijitenga juu, mafuta yenyewe hayana tatizo. Mtego ndio mdogo, umejaa, au maji yanaupita mbio. Fungua mfuniko. Mara nyingi utakuta tabaka la mafuta lenye unene wa kiganja ambalo halijatolewa tangu uchaguzi uliopita, na mtego uliojaa ni bomba tu.

Chupa ikibaki nyeupe kama chai ya maziwa, mafuta yamevunjwavunjwa na sabuni na hayatajitenga hata ukiyasubiri hadi kesho. Hapo kuongeza mtego wa pili ni kutupa pesa. Punguza sabuni kwanza, kwa maana wasafishaji hupima kwa jicho na jicho la mtu aliyechoka huona kikombe kimoja kuwa kidogo. Ikishindikana ndipo uanze kufikiria shabu ya kugandisha na mtambo wa kuelekeza mafuta juu kwa viputo vya hewa.

Halafu kuna joto. Mafuta ya maziwa huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi. Maji ya kuoshea yakiingia kwenye mtego yakiwa na nyuzi 60, mafuta yanapita yakiwa maji, yanapoa mbele, yanaganda kwenye bomba la jiji mbele ya mlango wa jirani. Kwa hiyo ukisikia chemba ya mtaa wa pili imefurika wakati yako iko safi, usifurahi haraka. Pima joto la maji yanayoingia kwenye mtego.

Dalili: BOD na COD ziko juu kila mara

BOD ni oksijeni ambayo vijidudu wanahitaji kula uchafu kwa siku tano. COD ni ile inayohitajika kuuchoma uchafu kwa kemikali, na jibu lake hupatikana siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo COD ndiyo ya kutafutia kosa. BOD hufika wakati kila mtu ameshasahau Jumatatu alifanya nini.

Maziwa halisi yana BOD ya takriban miligramu 100,000 kwa lita. Lita moja iliyomwagika ikichanganyika na lita 199 za maji inakupa 500, yaani kikomo chote kimeisha kwa lita moja. Damu ya machinjioni ni kali kuliko maziwa. Ndiyo sababu kwenye viwanda vya chakula sianzi na mtambo wa kusafishia. Naanza na sakafu. Nani anasukuma mabaki ya mtindi kwenye mfereji kwa hosipipu badala ya kuyakusanya kwa fagio la mpira? Maziwa ya kwanza na ya mwisho kwenye bomba, yale yaliyochanganyika na maji, yanaenda wapi? Yale yaliyorudishwa kutoka sokoni yakiwa yamechacha yanamwagwa wapi, na saa ngapi? Hili la mwisho huwa halimo kwenye daftari lolote. Muulize mlinzi.

Ukiwa na namba zote mbili, gawanya COD kwa BOD. Maji ya chakula hukaa karibu na 2. Ikipita 3 hivi, kuna kitu vijidudu hawakiwezi, au kuna kitu kinawaua. Klorini iliyobaki kwenye maji baada ya kusafisha huwaua hata wale wa kwenye chupa ya maabara, na BOD yako hutoka ndogo ya kuvutia. Usiishangilie. Upande wa pili, COD nayo husema uongo: hidrojeni peroksaidi ya kung'arishia vitambaa huipandisha bila kuwa uchafu, na chumvi nyingi, kama ya kuhifadhia ngozi, hufanya hivyo hivyo. Iambie maabara ukweli kuhusu chumvi na peroksaidi kabla hawajapima, si baada.

Dalili: maji yana rangi

Kiwanda cha nguo hakihitaji mkaguzi kukiambia hili. Kikomo ni chini ya vipimo 40 vya Hazen (kipimo cha rangi ya maji), ambacho kwa macho ni karibu na maji yaliyochujwa. Rangi za riaktivu za pamba ndizo sugu: sehemu yake haishiki kitambaa, inabaki kwenye maji, na vijidudu hawaili. Chokaa na shabu huondoa rangi zisizoyeyuka, lakini riaktivu huyeyuka vizuri mno na hupita zikikucheka. Angalia kwanza kama fundi wa rangi anazidisha dozi kufidia chumvi (ile ya kusaidia rangi ishike) iliyopungua au joto lisilofika; kila gramu isiyoshika ni hasara yake pia, na hoja hiyo humfikia mwenye kiwanda haraka kuliko hoja ya mazingira.

Chumvi yenyewe ni kitendawili. Maji ya kupakia rangi yakiwa na gramu 60 za chumvi kwa lita, yanahitaji kuongezwa maji hadi yawe mara 30 ili yafike kikomo cha 2,000 cha vitu vilivyoyeyuka. Hakuna dawa ya kugandisha itakayoitoa. Punguza kiasi cha maji kwa kilo ya kitambaa, au tumia tena maji yale ya chumvi. Atakayekuuzia unga wa kuondoa chumvi, mwonyeshe geti.

Dalili: harufu ya mayai viza

Hapa simama. Hii ndiyo sehemu ambayo kosa lake si faini.

Gesi ya salfaidi ya hidrojeni hunuka ikiwa kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa milioni. Ikifika 100 hivi, pua hufa ganzi na harufu hupotea. Kwenye mia tano na kuendelea mtu huanguka, na si baada ya muda mrefu. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini ya chemba na tangi. Kwa hiyo harufu iliyopotea ghafla mtu akiwa ameinama kwenye chemba si habari njema. Kila mara mambo huwa yale yale: mmoja anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, wa tatu anashuka kumwokoa wa pili. Asiingie mtu bila kipima gesi, feni ya kuingiza hewa, mkanda na kamba, na mtu wa juu ambaye kazi yake ni kutoshuka.

Sababu ya kwanza ni maji kukaa. Tangi la kusawazisha (la kukusanyia na kuchanganya maji kabla hayajatoka) lililojaa tope chini, bila hewa wala kukorogwa, huoza mwishoni mwa wiki na hunuka Jumatatu. Toa tope, punguza muda, ingiza hewa. Gesi hiyo pia hupanda juu ya bomba la zege, bakteria huigeuza tindikali ya salfuriki, na dari ya bomba huliwa hadi barabara inadidimia. Ndiyo maana salfaidi ina kikomo cha 2.

Sababu ya pili ni kiwanda cha ngozi. Maji ya kuondolea manyoya yana chokaa na salfaidi, pH yake iko 12, na salfaidi hutulia humo. Maji ya kulowekea kwa tindikali na ya kromu yana pH 3 au 4. Yakikutana kwenye mfereji mmoja, gesi yote inatoka kwa mpigo. Mifereji hiyo miwili lazima itengane tangu sakafuni, na ya salfaidi ipulizwe hewa pamoja na manganizi salfeti hadi salfaidi iishe, ndipo ikutane na nyingine. Ukikuta zimeunganishwa, kazi ya siku hiyo ni hiyo tu. Mengine yatasubiri.

Dalili: metali, hasa kromu

Karakana za kupaka kromu na nikeli huwa ndogo, nyuma ya jengo, na huwa na tangi moja tu la "kutibu". Angalia rangi. Maji ya njano ni kromu ya sita, ambayo kikomo chake ni 0.05, chokaa peke yake haitaitoa. Lazima kwanza ishushwe iwe kromu ya tatu, kwa sodiamu metabisalfaiti, pH ikiwa 2 hadi 3, hadi njano igeuke kijani. Ndipo upandishe pH hadi 8 au 9 igande. Ukiipeleka hadi 11 kwa kudhani zaidi ni bora, kromu huanza kuyeyuka tena, ilhali nikeli ndiyo kwanza inataka zaidi ya 10. Kwa hiyo tangi moja la metali zote humridhisha mmoja na kumwangusha mwingine. Tenganisha.

Kwenye sianidi sina maelezo marefu: isikutane na tindikali hata kwa tone, wala isiingie kwenye tangi lile la kromu. Huvunjwa kwa klorini, pH ikiwa juu ya 10, kwenye tangi lake, na mtu anayejua. Usipokuwa naye, usimwage.

Dalili: harufu ya petroli au thina

Kikomo cha viyeyushi vinavyoshika moto ni sifuri. Louisville, Marekani, alfajiri ya 13 Februari 1981, heksani, kiyeyushi kinachoshika moto, iliyotoka kiwanda cha mafuta ya soya iliwaka ndani ya mabomba ya maji taka na kupasua mitaa kadhaa. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Guadalajara, Mexico, 22 Aprili 1992, ilikuwa petroli, na waliokufa walipita mia mbili. Mwosha brashi anayemwaga thina kwenye sinki apewe pipa lenye mfuniko leo, kabla ya chakula cha mchana.

Ndani namba safi, nje namba mbaya

Hutokea. Fuata bomba kwa miguu, fungua kila chemba, mwaga rangi ya chakula ndani ya kiwanda uone inatokea wapi. Nimekuta jirani ameunganishwa juu kidogo ya chemba ya sampuli, na hata yeye mwenyewe hakujua. Wakati wa masika angalia pia mifereji ya paa iliyoelekezwa kwenye maji taka: hupandisha namba ya chembe zinazoelea, hufurisha bomba, na hairuhusiwi hata maji yake yawe safi.

Kama chemba mnachangia, omba ijengwe yako, ndani ya ukuta wako lakini yenye kufikika kutoka nje. Na mkaguzi akija, mwombe mgawane sampuli moja kwenye chupa mbili, muitie sahihi wote wawili.

Ukijibu barua, usiandike kwamba "hatua zinachukuliwa". Andika valvu ipi, saa ngapi, kimebadilishwa nini, na ambatisha kurasa mbili za daftari la zamu pamoja na vipimo vya pH vya wiki mbili. Mwishoni waombe warudi kuchukua sampuli saa ile ile iliyofeli. Ukiomba saa nyingine, wataelewa kwa nini.